Sauti Iendayo Pande Zote

Mkiwa ni mahali zikutanapo njia. Njia moja yatoka Manyoni kwenda Singida, na nyingine yaja kutoka Itigi. Basi, fikirini kwamba penye njia panda hiyo kimewekwa kipaza sauti, nacho chatangaza siku ya kuwachanja watoto surua. Chombo chenyewe ni pembe ya bati, na kinywa chake kimeelekea Singida. Watu wa upande ule watasikia kila neno. Lakini walio nyuma ya pembe watasikia mvumo tu. Watajua ya kuwa mtu asema, wasijue asema nini. Wasipoleta watoto wao, kosa si lao.

Sababu yake ni hii. Sauti ni mtikisiko wa hewa, uendao kwa mawimbi. Sauti nene ina mawimbi marefu, nayo hukizunguka chombo hata ikafika nyuma yake, kama mawimbi ya ziwa la Singidani yapitavyo mti uliosimama majini. Sauti nyembamba ina mawimbi mafupi, nayo hupenda kwenda mbele moja kwa moja. Na hizo nyembamba, kama zile za s na t, ndizo zitupazo kutambua neno na neno. Jaribuni wenyewe uwanjani: mmoja awape wenzake kisogo, asome polepole kwa sauti ndogo.

Kipaza sauti cha kawaida, kama kile walichokieleza Wamarekani wawili, Rice na Kellogg, mwaka 1925, kina uzi wa shaba uliozungushwa karibu na sumaku. Umeme upitapo, uzi huo hucheza mbele na nyuma, ukisukuma karatasi yenye umbo la faneli. Nayo faneli, kama uso wa mtu, hutazama upande mmoja.

Fundi wa Marekani, Lincoln Walsh, aliwaza njia nyingine, akapewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1969. Alitwaa faneli ndefu, akaisimamisha juu ya sanduku, kinywa chini na ncha juu. Uzi wa shaba uko nchani. Ncha ikitikiswa, mtikisiko huteremka mbavuni mwa faneli, ukiisukuma hewa nje pande zote. Nao hushuka upesi kuliko sauti iendavyo hewani, yaani kama mita 340 kwa sekunde. Wakati mtikisiko ufikapo kwenye pindo pana la chini, sauti iliyotangulia kutoka nchani imekwisha kwenda nje kadiri ile ile. Ndipo zote huendelea pamoja, zimesimama wima kama ukuta wa msonge uzidio kupanuka.

Walsh alifariki mwaka 1971, kabla vyombo hivyo havijauzwa. Kampuni ya Ohm iliviunda, faneli ikiwa ya titani juu, alumini katikati, na karatasi chini. Sauti yake ilisifiwa sana, ila vilikuwa vilafi wa umeme, na vikilishwa kupita kiasi viliharibika. Ni vyombo vya sebuleni. Sokoni watu hufunga pembe 4 katika mlingoti mmoja, kila moja na upande wake. Na ingawa sauti zao hugongana kidogo zipakanapo, tangazo hufika.