Nunua Gari Ambalo Breki Zake Unaziweza

Kama una shilingi 900,000 na unataka kuanza kukimbiza gari sakiti msimu huu, usinunue gari la shilingi 900,000. Tafuta la 550,000, au 600,000 ukilazimika, na kinachobaki ukifiche kabla dalali hajakinusa. Pesa hiyo ndiyo itakayolipia matairi, pedi za breki, mafuta, kofia, ada ya uwanja na lori la brekdauni siku gari litakapokataa kurudi nyumbani. Bei ya kununua hulipwa mara moja. Hizi nyingine hurudi kila mara unapoingia uwanjani.

Hesabu ninazotoa ni za mnunuzi wa Nairobi, ambaye uwanja wake wa karibu ni Whistling Morans, upande wa Kitengela kando ya barabara ya Namanga. Bei za magari ni makadirio ya soko la mtumba, na hali ya bodi au haraka ya muuzaji inaweza kuzisogeza huku na huku.

Ondoa kwanza wazo la kuagiza. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo yale magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 unayoyaona yakiuzwa mnadani Japani hayataingia, hata uyanunue kwa bei ya bure. Linaloruhusiwa ni changa, na kodi yake ni nzito. Mwaka 2023 ushuru wa forodha ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500, asilimia 25 kwa iliyozidi hapo, na 35 kwa injini ya petroli iliyozidi cc 3,000. Kisha VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya jumla hiyo yote, halafu kuna ada ndogondogo za uingizaji na reli. Kwa injini ya cc 2,000, gari ambalo thamani yake forodhani ni shilingi milioni 1 huzaa kodi inayokaribia milioni nyingine.

Jambo linalowaumiza wengi ni kwamba thamani hiyo ya forodha haitokani na pesa uliyolipa mnadani. Mamlaka ya mapato, KRA, huanza na bei ya gari jipya iliyo kwenye orodha yake, ikapunguza uchakavu kulingana na umri. Ukibahatika kupata bei nzuri Japani, bahati hiyo haipunguzi kodi hata senti.

Msomaji wa Tanzania yuko mahali tofauti: huko umri haukatazwi bali unatozwa, na gari lililozidi miaka 10 hubeba nyongeza ya asilimia 30 ya ushuru. Uganda imefunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 15. Kwa Mkenya mwenye pesa kidogo, soko ni la magari ambayo tayari yana namba za hapa, na ndani ya soko hilo kuna mapendekezo matano utakayoletewa.

La kwanza, na ndilo ninalokushauri uchukue, ni hachibeki nyepesi ya gia za mkono, injini ya cc 1,500 au 1,600 bila tabo, uzito wa kilo 1,000 hadi 1,100. Za kati ya mwaka 2005 na 2010 huzungumzwa kati ya shilingi 450,000 na 650,000. Vipuri vyake viko Kirinyaga Road na Industrial Area, na giaboksi ya mtumba unaweza kuipata asubuhi ikafungwa jioni. Huvaa matairi ya inchi 15, ambayo mara nyingi ni karibu nusu ya bei ya inchi 18. Udhaifu wake ni wa kweli: magurudumu ya mbele hufanya kazi yote, kwa hiyo matairi ya mbele huisha haraka, na kwenye kona kali lile la ndani huzunguka bure. Hamisha ya mbele nyuma kila baada ya siku moja au mbili za uwanja, utayatumia yote manne mpaka mwisho.

Shida yake nyingine ni upatikanaji. Nyingi zilizoingia nchini ni otomatiki, na baadhi zina giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kuhesabika, ile ya CVT. Hiyo usiiguse. Mafuta yake huchemka baada ya mizunguko michache, na kuitengeneza kunaweza kula robo ya bei ya gari. Subiri ya gia za mkono hata kama itachukua mwezi.

La pili ndilo moyo wa kijana wa Nairobi unalolitaka: saluni au steshenwagoni ya tabo, cc 2,000, inayoendeshwa na magurudumu yote manne. Sina ugomvi na mapenzi hayo. Tena lina hoja nzito upande wake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa ya huku ni pungufu kwa takriban asilimia 17 ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo hachibeki iliyoandikwa nguvu za farasi 130 haikupi zaidi ya 110 na ushei. Tabo husukuma hewa ndani kwa nguvu na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Ukiwekeza kwa kasi ya mstari mnyoofu, gari hili litakuacha mbali.

Sasa bili. Safi halipatikani chini ya shilingi 800,000, na lililotunzwa vizuri huvuka milioni. Lina uzito wa kilo 1,400 hadi 1,500. Kwa mfumo wa magurudumu manne, matairi yote yanapaswa kulingana mzingo. Likipasuka moja wakati mengine yameshachakaa, utanunua zaidi ya moja, la sivyo utaitesa difu ya katikati. Klachi yake ni ghali na huisha upesi mikononi mwa mtu anayeondoka kwa kishindo. Matoleo yake makali yaliundwa yakitarajia petroli ya Japani inayouzwa kwa oktani 100. Ukiyawekea ya kawaida na kuyakamua kwa dakika 20 mfululizo, injini huanza kugonga ndani, na pistoni haivumilii ugongaji huo kwa muda mrefu. Zaidi ya yote, mengi yamekwisha kuongezwa nguvu na fundi fulani, na huna njia rahisi ya kujua aliyefanya kazi hiyo alijua anachofanya. Kuunda upya injini ya aina hii kunaweza kukugharimu kama bei ya hachibeki nzima niliyoitaja.

La tatu ni saluni kubwa ya silinda sita, cc 2,500, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Zimejaa mjini, na kwa shilingi 700,000 hadi 950,000 zinaonekana kama zawadi. Kwa safari ya Nakuru ni gari zuri. Kwa sakiti ni zito, karibu zote ni otomatiki, na giaboksi ya otomatiki isiyo na kipoza mafuta cha ziada huunguza mafuta yake. Ukinunua, ongeza gharama ya kipoza hicho na breki kubwa, kisha jiulize kama bado ni bei rahisi.

La nne, kigari cha viti viwili chenye paa la turubai, cc 1,600 au 1,800, ndicho kinachofundisha udereva kuliko vyote. Ni chepesi, kina uwiano mzuri, hakili matairi. Lakini nchini Kenya ni vichache na wenye navyo wanajua hivyo, kwa hiyo bei haina mpangilio. Kipande cha bodi au taa utakiagiza Japani au Uingereza na kungoja wiki kadhaa, ukilipa usafiri na ushuru. Tena kinahitaji nondo za kulinda kichwa kikipinduka, na kwa gari la wazi hili si jambo la kujadili. Mwenye gari jingine la kumpeleka kazini anaweza kukichukua. Asiye nalo akiache.

La tano, gari la Kijerumani la milango miwili lenye umri wa miaka 15, litapita mbele yako kwa bei ya kuvutia sana. Sehemu nyingi za mfumo wake wa kupoza maji ni za plastiki, na plastiki iliyozeeka hupasuka kwa joto. Liache.

Sababu ya kurudi tena na tena kwenye uzito ni breki. Gari la kilo 1,450 linalosimama kutoka kasi ileile hubeba nishati inayozidi ya gari la kilo 1,050 kwa zaidi ya theluthi moja, na nishati yote hiyo hugeuka joto kwenye pedi na diski. Hewa nyepesi ya nyanda za juu hupoza vibaya pia. Hivyo gari zito hukulipisha mara tatu: pedi hukwisha mapema, diski hupinda au kupasuka, na mafuta ya breki huchemka mpaka kanyagio likazama sakafuni.

Mafuta ya breki ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote. DOT 3 mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 chini ya 230, DOT 5.1 chini ya 260. Yakifyonza maji, kama yanavyofanya polepole kwenye mfumo, DOT 4 inaweza kuchemkia 155 tu. Badilisha yote kabla ya siku ya kwanza ya uwanja, hata kama muuzaji anaapa ni mapya. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haiendani na hizo nyingine. Na pedi zinunue kwa wakala anayekupa risiti na kukubali kurudishiwa. Pedi bandia zimezagaa, na uwanjani hazitoi onyo la pili.

Bima ina shimo ambalo dalali hatakuonyesha. Bima ya kawaida ya gari, hata ile kubwa, huondoa mbio na majaribio ya mwendo kasi. Soma orodha ya yasiyolipwa. Maana yake ukigonga ukuta wa matairi, gharama ni yako yote, na hii ndiyo sababu nyingine ya kutotia pesa zako zote kwenye chuma. Uliza waandaaji pia kama ada yao inajumuisha gari la wagonjwa, na kama kuna leseni ya shirikisho la michezo ya magari, KMSF, unayopaswa kulipia kando ikiwa siku hiyo ni ya mashindano.

Kofia ya bodaboda haitoshi. Tafuta yenye alama ya Snell SA, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari na kupimwa kwa moto, na usinunue iliyokwisha kutumika, kwa kuwa pigo la zamani halionekani kwa nje. Hapa usitafute bei rahisi.

Ukishapata gari, siku moja inatosha kwa kazi ya kulikagua. Nenda asubuhi kabla injini haijawashwa, uguse boneti kuhakikisha ni baridi, usikilize mlio wa sekunde za kwanza. Linganisha namba ya injini na ya chasisi na zile za logibuku. Injini za kubadilishwa ni nyingi katika magari haya, na namba isiyolingana itakusumbua kwa polisi na kwa bima. Fanya utafutaji wa rekodi kupitia mfumo wa mamlaka ya usafiri, NTSA, kwenye eCitizen, uone kama kuna mkopeshaji anayelishikilia gari. Soma tarakimu nne ubavuni mwa kila tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira wa umri huo umeshakuwa mgumu hata kama meno bado marefu. Toa bei yake kwenye bei ya gari.

Kisha lipia fundi wako, asiye na urafiki na muuzaji, apime mgandamizo wa kila silinda. Tofauti ikizidi asilimia 10 kati ya silinda na silinda, ondoka. Muuzaji akikataa kipimo hicho, ondoka mapema zaidi. Elfu chache za ukaguzi zimewahi kuokoa malaki.

Makubaliano yakifika, toa amana tu, muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye mfumo ukiwa umekaa naye, na salio lilipwe ombi likishaonekana kwenye akaunti yako. Ahadi ya kumalizia karatasi wiki ijayo isikubaliwe.

Mwezi wa kwanza usiongeze nguvu wala rimu. Badilisha mafuta ya injini, mafuta ya breki, pedi za mbele na bushi zilizochoka, upangishe magurudumu, kisha uingie uwanjani na matairi ya kawaida yaliyo mazima. Weka kando shilingi 30,000 taslimu za brekdauni na usiziguse kwa jambo jingine, maana kutoka Kitengela jioni ya Jumapili, mwenye lori ndiye anayetaja bei.