Sauti Chini ya Bati: Uchaguzi wa Hedifoni kwa Mchezaji wa Kompyuta wa Kitale na Bungoma

Mchezo wa kompyuta humpa mchezaji habari kupitia macho na masikio, na katika michezo mingi ya mapigano habari ya masikioni hutangulia ile ya kwenye kioo, kwa sababu nyayo za adui aliyejificha nyuma ya ukuta husikika kabla mwenyewe hajaonekana. Hata hivyo, mashauri mengi kuhusu hedifoni, yaani vipokea sauti vinavyovaliwa kichwani au kupachikwa masikioni, hutolewa kwa kuwazia nyumba zenye dari nzito, umeme usiokatika na kompyuta mpya. Mchezaji wa Kitale au Bungoma mara nyingi huwa chini ya mabati, msimu wake wa mvua ni mrefu, na kompyuta yake huenda ilitumika ofisini ng'ambo kabla ya kuingizwa nchini na kuuzwa kwa jina maarufu la "ex-UK". Kwa sababu hiyo, utaratibu ufaao ni kuanza na chumba, kisha aina ya mchezo, kisha kompyuta, na hedifoni ichaguliwe mwisho, kwani anayeanza na maandishi ya kwenye boksi hulipia sifa ambazo masikio yake hayatazipata.

Jinsi sikio linavyotambua upande

Msingi wa jambo lote ni uwezo wa binadamu wa kujua sauti inatoka wapi. Mwaka 1907 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza kwamba ubongo hulinganisha mambo mawili. La kwanza ni muda: sauti iliyotoka kulia hulifikia sikio la kulia kwanza, na kwa kuwa sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, tofauti kati ya sikio moja na jingine hufika milisekunde 0.7 tu, yaani sehemu saba za elfu kumi za sekunde. La pili ni nguvu: kichwa huzuia sehemu ya sauti, hivyo sikio la upande wa pili husikia kwa unyonge zaidi, hasa sauti nyembamba. Mikunjo ya sehemu ya nje ya sikio huongeza dalili nyingine, kwa kuwa hubadilisha sauti kulingana na kama imetoka mbele, nyuma, juu au chini.

Watengenezaji wa michezo wameyageuza maarifa haya kuwa hesabu ndani ya programu. Counter-Strike: Global Offensive ilipata mfumo wa aina hii mwaka 2017, na Valorant mwaka 2021; katika michezo yote miwili, mchezo wenyewe hukokotoa jinsi kichwa na masikio yangebadilisha kila sauti, kisha hupeleka matokeo katika mikondo miwili pekee, wa kushoto na wa kulia. Hedifoni ya kawaida yenye pande mbili inatosha kabisa kuipokea kazi hiyo. Nembo ya "7.1" inayowavutia wanunuzi, ambayo maana yake ni mikondo minane ya sauti kama katika ukumbi wa sinema, kwa hedifoni nyingi ni programu inayoiga mikondo hiyo kwa kutumia spika zilezile mbili. Ikiwa mchezo umekwisha kufanya hesabu yake, programu ya pili huichakata sauti upya na kuvuruga dalili za upande. Kwa hiyo mchezaji anapaswa kuwasha mfumo mmoja tu, na kwa kawaida ule wa ndani ya mchezo ndio bora, kwa sababu unajua kila kitu kilipo.

Chumba na mvua yake

Kitale iko takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherang'any, ilhali Bungoma iko chini zaidi, kusini mwa mlima huohuo. Maeneo yote mawili hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, na mvua hiyo hupenda kunyesha alasiri na jioni, yaani saa zilezile ambazo mwanafunzi ametoka shuleni au mfanyakazi amerudi nyumbani. Mvua inayopiga mabati hutoa kelele iliyotapakaa katika masafa mengi kwa pamoja, yaani sauti nene na nyembamba zikiwa zimechanganyika, na kelele ya namna hiyo hufunika hasa sauti ndogo na fupi kama nyayo, kubadilishwa kwa risasi au mlango kufunguliwa polepole.

Hapa ndipo tofauti kati ya aina mbili kuu za hedifoni inapokuwa na uzito. Hedifoni iliyo wazi ina matundu nyuma ya vikombe vyake, na inasifiwa kwa sauti pana isiyochosha. Katika chumba kimya sifa hiyo ni ya kweli. Lakini kitu kinachoruhusu sauti kutoka huruhusu pia kelele kuingia, na mvua ya Kitale au Bungoma haitabaki nje ya matundu hayo. Hedifoni iliyofungwa, yenye vikombe visivyo na matundu na mito inayozunguka sikio lote, huzuia kelele kwa umbo lake tu, tena hufanya hivyo vizuri zaidi kwa sauti nyembamba ambazo ni sehemu kubwa ya kelele ya bati. Vipokea sauti vidogo vya kupachika ndani ya sikio, vyenye ncha za mpira zinazoziba vyema, huweza kuzuia kelele sawa na hiyo au zaidi kwa bei ndogo, na humfaa pia mvaaji wa miwani ambaye mito ya hedifoni kubwa humbana.

Teknolojia ya kufuta kelele kwa umeme, ambamo maikrofoni ndogo husikiliza kelele ya nje na saketi kutoa wimbi lililo kinyume chake, hufanya kazi vizuri dhidi ya mngurumo mzito usiobadilika, kama wa jenereta au wa kinu cha kusagia mahindi kilicho jirani. Dhidi ya vishindo vya haraka vya matone juu ya bati, msaada wake hupungua, na mnunuzi mwenye fedha chache atafaidika zaidi na mito inayoziba vizuri kuliko na saketi hiyo. Hali ya hewa nayo ina neno lake: mito ya ngozi bandia huziba vyema lakini hutoa jasho kwenye joto la Bungoma, ilhali ya kitambaa hupumua lakini hupitisha kelele zaidi; kwa usiku wa baridi wa Kitale, ngozi bandia haina tatizo.

Namba za kwenye boksi

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni ya kawaida kuna kiwambo chembamba kilichoshikamana na koili ya waya iliyozungukwa na sumaku. Umeme unapopita kwenye koili, kiwambo hutikisika na kusukuma hewa, kama ngozi ya ngoma inavyofanya inapopigwa. Boksi hutangaza kipenyo cha kipande hicho, mara nyingi milimita 40 au 50, kana kwamba kikubwa ni bora, ilhali ubora hutegemea zaidi jinsi kiwambo, kikombe na mto vilivyosanifiwa kwa pamoja. Vivyo hivyo, hedifoni inayotangaza kufika Hertz 40,000 haimwongezei mchezaji kitu, kwa sababu sikio changa lenye afya husikia takribani kutoka Hertz 20 hadi Hertz 20,000, na kikomo cha juu hushuka kadiri umri unavyosonga.

Namba mbili zinazostahili kusomwa ni ukinzani, unaopimwa kwa omu, na wepesi wa kuitika, unaopimwa kwa desibeli kwa kila miliwati ya umeme. Hedifoni ya omu 32 huhitaji takribani volti 0.18 ili kupokea miliwati moja, ilhali ya omu 250, kama toleo mojawapo la Beyerdynamic DT 990 Pro linalotumika studioni, huhitaji volti 0.5 kwa kazi hiyohiyo. Kompyuta nyingi za mezani hutoa kama volti moja tu kwa upeo, hivyo hedifoni ya omu nyingi inaweza kusikika hafifu bila amplifaya, yaani kifaa cha kukuza sauti. Mchezaji asiyekusudia kununua kifaa hicho abaki kati ya omu 16 na 64.

Kuhusu ubora wa sauti yenyewe, hakuna kipimo kinachoshinda kusikiliza kitu ambacho sikio linakijua. Mnunuzi wa Bungoma aliyezoea litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, anaweza kuomba dukani rekodi yake ichezwe: ikiwa kila uzi unasikika peke yake na sauti ya mwimbaji haijazama, hedifoni hiyo itazitenganisha pia nyayo na milio ya risasi. Hedifoni inayovimbisha besi kupita kiasi humfurahisha mteja kwa dakika chache dukani, kisha mlipuko mmoja kwenye mchezo hufunika kila kitu kingine.

Kompyuta, umeme na waya

Kompyuta za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, nyingi zina tundu moja la mbele linalopokea sauti na maikrofoni kwa pamoja. Tundu hilo huhitaji plagi ya milimita 3.5 yenye pete tatu, inayogawanya ncha katika sehemu nne; plagi yenye pete mbili hupeleka sauti pekee. Kompyuta yenye matundu mawili, la kijani kwa sauti na la waridi kwa maikrofoni, huhitaji waya wa kugawanya. Kulijua jambo hili kabla ya kununua humwepushia mtu safari ya pili dukani, au wiki ya kusubiri mzigo kutoka Luthuli Avenue, Nairobi.

Mngurumo unaosikika hata mchezo ukiwa umenyamaza mara nyingi hutokana na umeme. Soketi za Kenya ni za volti 240 zenye matundu matatu, na tundu la tatu ni la waya wa ardhi. Waya wa kurefusha usio na ardhi, au nyumba ambayo waya huo haukuunganishwa, huacha mabaki ya umeme kwenye chuma cha kompyuta, na mabaki hayo huingia kwenye sauti. Dawa ya kwanza ni fundi wa umeme aliyehitimu, kwa kuwa kasoro hiyo inahusu pia usalama wa mtu. Ikiwa ardhi ni salama na kelele inabaki, kadi ndogo ya sauti ya USB, ambayo hubadili namba za kompyuta kuwa mkondo wa sauti nje ya saketi zake zenye kelele, huwa suluhisho la bei nafuu.

Suala la waya au kutokuwa na waya huamuliwa na muda. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 200 au zaidi, na maikrofoni yake inapowashwa kwenye kompyuta, ubora wa sauti inayosikika hushuka hadi kufanana na wa simu. Katika Tekken, mchezo uliomjengea jina Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow na aliyesajiliwa na timu ya Marekani ya XiT Gaming mwaka 2018, picha hubadilika mara 60 kwa sekunde na pigo la haraka la kawaida hutua baada ya picha 10. Ucheleweshaji wa milisekunde 200 ni sawa na picha 12, kwa hiyo sauti hufika pigo likiwa limekwisha kutua. Hedifoni zisizo na waya zinazotumia kipokezi chao cha USB cha gigahertz 2.4 hupunguza sana tatizo hili, ila hubaki na betri ya kuchajiwa. Pale stima inapopotea mara kwa mara, waya ni uamuzi wa busara.

Maikrofoni nayo hufuata kanuni ya chumba. Umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapopunguzwa kwa nusu, sauti ya msemaji huongezeka takribani desibeli 6 ilhali kelele ya bati hubaki palepale. Kwa hiyo kijiti cha maikrofoni kilicho sentimita 5 kutoka mdomoni humpa msemaji nafuu ya desibeli 18 kuliko maikrofoni ya mezani iliyo sentimita 40. Wenzake watamsikia hata mvua ikinyesha.

Gharama ya sauti kubwa

Sababu kubwa ya kuanza na chumba ni afya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Mchezaji anayepandisha sauti kwa desibeli 12 ili kuishinda mvua amefika desibeli 92, na muda wake salama umeshuka kutoka saa 40 hadi saa 2 na nusu kwa wiki nzima, ambazo humalizika katika jioni moja. Mwaka 2024 jarida la BMJ Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 14 zilizohusu watu zaidi ya 50,000, nayo yalionya kwamba sauti za michezo mara nyingi hukaribia au kuvuka viwango salama. Seli za sikio la ndani zinazopokea mitikisiko zikifa, hazioti tena.

Kwa mantiki hiyo, hedifoni iliyofungwa vizuri humsaidia mchezaji mara mbili: humwezesha kusikia nyayo, na humwondolea sababu ya kupandisha sauti. Katika kununua, ainunue kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana, achunguze kama mito na waya vinaweza kubadilishwa, na awe mwangalifu na bei isiyolingana na jina lililoandikwa, kwani bidhaa bandia ni tatizo ambalo Kenya imelitungia sheria mahususi tangu mwaka 2008. Hedifoni ya pande mbili, yenye waya, iliyofungwa, ya ukinzani mdogo na yenye kijiti cha maikrofoni itawatosha wachezaji wengi wa Kitale na Bungoma kwa miaka. Mwenye chumba kimya chenye dari anaweza kufikiria iliyo wazi, na mwenye fedha ya ziada afikirie kwanza kuweka dari.