Wazee wa Kilwa na pwani ya Lindi: Namna ya kuchagua bima ya afya inayofaa

Mwananchi aliyefikisha umri wa miaka 60 katika Kilwa, Mchinga au kwingineko katika pwani ya Mkoa wa Lindi ana njia nne kuu za kugharimiwa matibabu. Njia hizo ni msamaha wa malipo kwa wazee wasio na uwezo, Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) na bima za kampuni binafsi. Hazifanani kwa bei, kwa upana wa huduma wala kwa idadi ya watu wanaonufaika. Familia isiyozitofautisha mapema huja kuzitofautisha ikiwa mapokezi ya hospitali, mgonjwa akiwa tayari kitandani, na hapo kinachotafutiwa mnunuzi ni shamba la mikorosho au mashua.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilipopitisha Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2, 2023. Sheria hiyo imekusudia kumwingiza kila mkazi wa Tanzania Bara katika utaratibu wa bima ya afya, na imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Kwa kuwa utekelezaji wake ni wa hatua kwa hatua, mzee na familia yake wanahitaji kufahamu mahali waliposimama sasa, ili wasijikute nje ya kila utaratibu.

Kadi inaishia ngazi gani?

Watu wengi huanza kwa kuuliza bei. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: ugonjwa ukizidi, kadi itamfikisha mzee hospitali ya ngazi gani?

Huduma za afya nchini zimepangwa kwa ngazi. Mkazi wa Songo Songo au Pande huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Hali ikihitaji uchunguzi zaidi, hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga iliyopo Kilwa Kivinje. Kutoka hapo anaweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine, mjini Lindi. Juu yake zipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini mkoani Mtwara na Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam.

Maradhi ya uzeeni hayabaki ngazi moja. Shinikizo la damu na kisukari kwa kawaida hufuatiliwa katika vituo vya ngazi ya chini, mradi mgonjwa apate dawa bila kukatiza. Mtoto wa jicho na tezi dume huhitaji daktari wa upasuaji. Saratani, figo na moyo humpeleka mgonjwa kwenye hospitali za kanda au za taifa. Kadi inayomtosha mzee leo kwa vidonge vya presha inaweza isimsaidie mwakani akihitaji vipimo vya saratani.

Msamaha kwa wazee wasio na uwezo

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya mwaka 2007 nayo inaelekeza kuwa wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Kwa msingi huo, halmashauri huwatambua wazee hao kupitia serikali za vijiji na mitaa na kuwapatia vitambulisho vya matibabu. Hospitali nyingi zimetenga pia dirisha au chumba maalumu cha kuwahudumia wazee.

Mambo mawili yanapaswa kueleweka. Kwanza, msamaha si bima. Unaondoa malipo katika kituo cha umma, lakini dawa ikikosekana katika kituo hicho, mzee anaweza kulazimika kuinunua dukani kwa fedha zake. Pili, msamaha ni wa mzee mwenyewe. Watoto walio chini ya miaka 5 wana msamaha wao, lakini mjukuu wa miaka 9 anayelelewa na bibi yake hafunikwi na kitambulisho cha bibi.

Mzee anayestahili na ambaye hajapata kitambulisho anashauriwa kumwona Mtendaji wa Kijiji au Afisa Ustawi wa Jamii. Asisubiri mpaka augue, kwa kuwa utambuzi huanzia kijijini, hauanzii hospitali.

CHF iliyoboreshwa

Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, ukawekewa sheria mwaka 2001 na kuboreshwa mwaka 2018. Utaratibu ulioboreshwa ulipoanza, kaya isiyozidi watu 6 ilichangia Sh 30,000 kwa mwaka katika mikoa yote ya Tanzania Bara isipokuwa Dar es Salaam, ambako kiwango kilikuwa tofauti. Ikigawanywa, ilikuwa sawa na Sh 2,500 kwa mwezi kwa kaya nzima, au Sh 5,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka kama kaya imetimia watu 6.

Mwanachama huhudumiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kufuata rufaa. Kwa mkazi wa Kilwa, kadi humfikisha Kinyonga na, akipewa barua ya rufaa, humfikisha Sokoine. Hapo ndipo mpaka wake. Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili hana kinga ya CHF huko.

Kwa wazee wanaolea wajukuu, CHF ina faida ambayo msamaha hauna: kadi moja ya kaya huwafunika wote walioandikishwa. Kaya nyingi za pwani hupata fedha kwa msimu, wakati wa ufuta na baadaye wakati wa korosho. Ni busara mchango ulipwe wakati huo, kabla fedha haijaisha kwa matumizi mengine, na tarehe ya kuisha kwa kadi iandikwe mahali panapoonekana.

NHIF: milango mitatu

NHIF ilianzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 na kuanza kutoa huduma mwaka 2001. Mtandao wake ni mpana zaidi, kwani unahusisha vituo vya Serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi nchini kote, pamoja na maduka ya dawa yaliyosajiliwa. Mzee anaweza kuingia kwa mlango mmoja kati ya mitatu.

Mlango wa kwanza ni ustaafu. Mtumishi aliyekuwa mwanachama mchangiaji na aliyestaafu kwa kutimiza masharti ya Mfuko huendelea kupata huduma pamoja na mwenza wake bila kuchangia tena. Wapo wastaafu ambao hawajahuisha taarifa zao na kwa sababu hiyo hununua huduma wanayostahili kuipata bila malipo. Hatua ya kwanza kwa kila mstaafu ni kuuliza ofisi ya NHIF kuhusu hadhi yake.

Mlango wa pili ni utegemezi. Mtumishi wa umma anayechangia NHIF huandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, na sheria inaruhusu wazazi wawe miongoni mwao. Nafasi hizo ni chache. Mtumishi mwenye watoto wanne hana nafasi ya mzazi hadi mtoto mmoja avuke umri wa utegemezi. Kwa hiyo, watoto wa mzee mmoja wanaofanya kazi serikalini wanapaswa kushauriana kuhusu nani mwenye nafasi, ili mzazi asiachwe kwa kila mmoja kudhani kuwa mwenzake amemwandikisha.

Mlango wa tatu ni kifurushi cha hiari. Novemba 2019 NHIF ilizindua vifurushi vya Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, vikianzia Sh 192,000 kwa mwaka kwa kundi la vijana, na baadaye ikaleta Ngorongoro Afya na Serengeti Afya. Bei za vifurushi hupangwa kwa makundi ya umri, na kundi la miaka 60 na kuendelea ndilo linalolipa zaidi. Aidha, vifurushi vya hiari huwa na kipindi cha kusubiri kabla ya baadhi ya huduma kuanza kutolewa. Anayejiunga leo kwa ajili ya upasuaji wa wiki ijayo anaweza kukuta amelipa na bado hahudumiwi.

Bima za kampuni binafsi

Kampuni binafsi husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Kwa mzee, jambo la kuangalia kabla ya bei ni umri: kampuni nyingi huweka ukomo wa umri wa kujiunga kwa mara ya kwanza. La pili ni maradhi aliyonayo mteja kabla ya kujiunga, ambayo huenda yasilipiwe au yakalipiwa kwa kiwango kidogo. La tatu ni orodha ya vituo. Kadi inayokubalika katika hospitali 20 za Dar es Salaam na isiyokubalika Kilwa Kivinje ina manufaa madogo kwa mkazi wa Somanga.

Mifano mitatu

Mifano ifuatayo imetungwa ili kuonesha namna ya kupima.

Mwalimu mstaafu wa Kilwa Masoko aliyechangia NHIF kazini hana sababu ya kulipia kifurushi kabla ya kuthibitisha haki yake na ya mwenza wake.

Mvuvi wa Kilwa Kivinje mwenye miaka 66 na kisukari ana binti muuguzi katika kituo cha umma mwenye watoto wawili. Binti huyo bado ana nafasi ya utegemezi. Kumwandikisha baba kunampa mtandao wa NHIF bila gharama ya kifurushi, na CHF inabaki kwa mama na wengine waliopo nyumbani.

Mjane wa Kipatimu mwenye miaka 72 asiye na kipato analea wajukuu watatu wa shule ya msingi. Msamaha utamhudumia yeye, lakini hautawahudumia wajukuu. Watoto wake waliopo mjini wakilipa mchango wa CHF, kaya yote itakuwa na kinga. Msamaha na CHF havipingani, na mjane huyo hana sababu ya kuacha kimoja kwa ajili ya kingine.

Kabla ya kulipa

Familia inashauriwa kupata majibu ya maswali matano: Mzee ana maradhi gani sasa? Kadi inaishia ngazi gani ya hospitali? Inafunika watu wangapi? Huduma zinaanza lini baada ya malipo? Na inaisha tarehe ngapi? Viwango na masharti hubadilika kwa kanuni na matangazo ya Serikali, hivyo vithibitishwe katika ofisi ya NHIF, kwa Mratibu wa CHF wa Halmashauri au kwa Afisa Mwandikishaji wa kijiji. Malipo yafanywe kwa utaratibu rasmi, na mlipaji adai stakabadhi au ujumbe wa uthibitisho.

Mzee awe na kitambulisho cha Taifa au uthibitisho mwingine wa umri, na majina yafanane katika nyaraka zote. Tofauti ya herufi moja katika jina inaweza kumchelewesha mgonjwa dirishani.

Familia ikumbuke pia kuwa bima hulipia matibabu, na kwa kawaida hailipii safari ya mgonjwa na msindikizaji wake. Nauli ya chombo kutoka visiwani, ya basi kutoka Nangurukuru hadi Lindi na chakula cha msindikizaji hubaki kwa familia. Mzee mwenye kadi sahihi na akiba ndogo ya safari ana uhakika mkubwa zaidi wa kufika anakopelekwa na kutibiwa kuliko mwenye kadi ya bei kubwa asiye na nauli.