Nembo zenye meno ya msumeno zala faida ya mwenye mali

MFANYABIASHARA anayeagiza lebo, katoni au bango hununua vitu vitatu kwa mpigo: karatasi, wino na ukali wa kingo za maandishi. Viwili vya kwanza huonekana kwenye ankara. Cha tatu hakiandikwi popote, ingawa ndicho mnunuzi wa dukani anachokiona kwanza.

Kasoro yenyewe inafahamika kwa kila aliyewahi kupeleka kazi kiwandani. Nembo iliyopendeza kwenye kioo cha kompyuta hutoka mashineni ikiwa na meno kama ya msumeno, au herufi zikiwa na ukungu pembeni. Mpiga chapa humlaumu mchoraji, mchoraji humlaumu mpiga chapa, na hasara hubaki kwa mwenye mali, ambaye lebo zake zimekwisha kukatwa na haziwezi kurudishwa.

CHANZO CHA MENO

Picha ya kompyuta ni mkusanyiko wa vyumba vidogo vya mraba vinavyoitwa pikseli. Mstari wa wima au wa mlalo hukaa juu ya vyumba hivyo bila taabu. Mstari wa mshazari, au mviringo wa herufi kama O na S, hulazimika kupanda ngazi kwa ngazi. Ngazi hizo ndizo meno.

Programu za picha hutibu hali hiyo kwa kulainisha kingo. Pikseli ya pembeni hupewa rangi ya kati kulingana na kiasi ilivyofunikwa na herufi. Katika picha yenye ngazi 256 za kijivu, ambapo 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe, pikseli iliyofunikwa nusu hupewa takriban 128. Jicho huchanganya rangi hizo na kuona mviringo uliotulia.

Dawa hiyo hufaa kwenye kioo, lakini kwenye chapa ina mipaka. Mashine ya ofseti inayopiga wino mweusi haina wino wa kijivu. Kijivu hutengenezwa kwa vidoti vidogo vyeusi vilivyopangwa mbalimbali. Kwa hiyo ukingo uliolainishwa hugeuka kuwa safu ya vidoti, na herufi ndogo huonekana kama imepigwa kwenye karatasi iliyolowa. Ndiyo maana michoro ya mistari mitupu huingizwa kwa skana ikiwa nyeusi na nyeupe tu, bila kijivu, kwa nukta 600 hadi 1200 kwa inchi. Picha za kawaida hutosheka na nukta 300.

HESABU YA BANGO

Makosa mengi huanzia kwenye ukubwa. Nembo yenye upana wa pikseli 600 ikipigwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa inchi 2, yaani sentimita 5 hivi. Hiyo yatosha kadi ya biashara. Nembo hiyo hiyo ikivutwa hadi upana wa mita 1 kwa ajili ya bango, kila pikseli hupata karibu milimita 1.7. Meno ya ukubwa huo huonekana na mpita njia aliye karibu bila kuhitaji miwani.

Kuongeza pikseli kwa kompyuta hakuleti nafuu kubwa. Programu hukisia rangi za katikati tu, na matokeo yake ni ukungu badala ya meno. Njia inayofaa ni kinyume chake: mchoro hufanywa mkubwa mara mbili au nne ya unaohitajika, kisha hupunguzwa mara moja mwishoni. Kuuzungusha au kuupunguza mara nyingi huchakaza kingo kila mara.

MICHORO YA VEKTA

Tiba ya kudumu ni mchoro wa vekta. Huu hauhifadhi pikseli, bali huhifadhi maelezo ya mstari: uanzie wapi, upinde vipi, uishie wapi. Hesabu ya mikunjo hiyo inahusishwa na Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault ya Ufaransa, aliyeitumia kuchora mabodi ya magari. Lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe iliiingiza hesabu hiyo katika biashara ya chapa miaka ya 1980, na programu ya Illustrator ikafuata mwaka 1987. Mchoro wa aina hii unaweza kupigwa kwenye kadi au kwenye ukuta wa ghorofa bila kupoteza ukali.

Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ilijengwa kwa ajili ya picha. Katika matoleo yake ya mwanzo, maandishi yaligeuka pikseli mara yalipowekwa. Siku hizi huweza kubaki vekta, lakini faida hiyo hupotea mchoraji anapohifadhi kazi kama picha ya kawaida. Kwa asiyemudu programu za kulipia, Inkscape hupatikana bure na inaweza kufuatisha nembo ya zamani na kuigeuza vekta, mradi nembo hiyo iingizwe kwa skana ikiwa kubwa na safi.

BAKODI HAITAKI ULAINI

Mahali ambapo kingo zina bei ya moja kwa moja ni kwenye bakodi, ile alama ya mistari inayosomwa na mashine dukani. Bakodi ya tarakimu 13, ambayo kwa Tanzania huanza na 620 na kwa Kenya 616, ina upana wa kawaida wa milimita 37.29 pamoja na nafasi nyeupe za pembeni. Mstari wake mwembamba kabisa ni milimita 0.33. Inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80 au kukuzwa hadi asilimia 200.

Kwa nukta 300 kwa inchi, mstari huo mwembamba huhitaji nukta 3.9. Kwa kuwa hakuna sehemu ya nukta, programu huweka nukta 4 mahali pengine na 3 kwingine, au hujaza kijivu pembeni. Mashine ya kusoma hupima upana wa mistari na nafasi zake. Ikikuta vipimo vimeyumba hukataa. Bidhaa isiyosomeka humlazimu karani kuandika tarakimu kwa mkono, foleni hurefuka, na mwenye duka huanza kuitilia shaka bidhaa yenyewe. Bakodi basi itengenezwe kama vekta, na isiguswe tena kwa kulainisha wala kuvutwa.

KASORO NYINGINE

Faili la JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Hufaa kwa sura na mandhari, lakini huacha vumbi kuzunguka herufi, na vumbi hilo huongezeka kila faili linapohifadhiwa upya. Kwa nembo ya kuonyeshwa kwenye kioo, PNG ni bora.

Nembo iliyolainishwa juu ya nyeupe kisha ikahamishiwa kwenye rangi ya buluu huja na mzingo mweupe, kwa kuwa pikseli za pembeni zilikwisha kuchanganywa na nyeupe. Ilainishwe juu ya rangi itakayokaliwa, au ihifadhiwe ikiwa na uwazi kamili.

Aidha, maandishi madogo meusi yapigwe kwa wino mweusi peke yake. Yakichanganywa rangi zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu kila herufi hupata kivuli chekundu au cha buluu.

KABLA YA KULIPA

Mwenye kazi hahitaji kuwa fundi ili ajikinge. Aikuze nembo kwenye kioo hadi asilimia 800: ikibaki safi ni vekta, ikionyesha vyumba ni pikseli. Aombe sampuli moja kwa ukubwa halisi na karatasi halisi, kisha bakodi ijaribiwe kwa mashine ya dukani kabla ya kuidhinisha. Na anapomlipa mchoraji, adai faili la vekta likabidhiwe pamoja na kazi. Faili hilo ni mali ya biashara kama ulivyo muhuri wake. Asiyekuwa nalo hulipia mchoro uleule upya kila anapohama kiwanda.