Mbele ya kufomate ordinatere: karatasi zibakie, siri zisitoke

Bandugu wafanyakazi, na ninyi bamama wenye kuchunga makaratasi ya nyumba, leo tuzungumuzie kitu chenye watu wengi wanaachia batekinisie: kufuta diski ya ordinatere na kuigawanya mbele ya kutia Windows ao Linux mupya. Ile diski ni ya kwetu pia. Ndani yake muko fishi za mushahara, kontra, sertifika za munganga, liste ya memba wa sindika na malalamiko yenye majina.

Inafaa kuzungumuzia ile mambo sasa. Tarehe 14 mwezi wa 10, 2025, Microsoft iliacha kutengeneza Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 inaomba mashine yenye iko na TPM 2.0, kipande kimoja cha usalama chenye mashine nyingi za zamani hazina. Basi ordinatere nyingi zinatiwa Linux, zinauzwa okazyo, ao zinapewa watoto wa masomo. Na hapo mabaya mawili yanaweza kutokea: karatasi yenye ilipaswa kubakia inapotea, na karatasi yenye ilipaswa kupotea inabakia.

Kutupa ku pubele haitoshi

Diski iko kama magazini ya kampani. Magazinie akikata mustari mu rejista, kaske na bote zingali juu ya etajere. Njo vile ordinatere inafanya mukifuta dokima, hata mukifomate haraka-haraka: inakata mustari mu liste, lakini maandiko yanabakia paka kitu ingine iandikwe juu yake. Programu za bure kama PhotoRec zinaweza kuyarudisha. Fikirini basi ordinatere ya sindika imeuzwa vile, na mwenye kuinunua anasoma ni nani alilalamikia shefu wake, ni nani iko na ugonjwa ya mapafu. Mutu anaweza kupoteza kazi juu ya ile.

Hatua kwa hatua

Ya kwanza ni kutosha karatasi. Kopieni zote ku diski ya inje, na tena ku nafasi ya pili. Kisha muzifungule moja-moja ku ordinatere ingine, juu kopi yenye haifunguke haina kopi. Mukimaliza, chomoeni ile diski ya inje. Watu wamekwisha kufuta diski ya kopi wakifikiri ni ya mashine.

Ya pili ni kutayarisha kle ya USB ya GB 8 ao zaidi. Programu Rufus inaweza kutia Windows ao Linux mu ile kle, lakini itafuta kila kitu chenye kilikuwa ndani.

Ya tatu ni kufuta kabisa, zaidi kama mashine inaenda kwa mutu mwingine. Kwa diski ya zamani yenye kuzunguuka, mukiisha kuanzisha mashine na kle ya Windows, kamata Shift na F10 pamoja, andika diskpart, kisha list disk. Angalia ukubwa ya kila diski mbele ya kuchagua namba na select disk. Neno clean peke yake linatosha mipaka tu. Clean all njo inaandika sifuri fasi yote. Ku diski kubwa inaweza kukamata masaa mengi, basi mufanye siku yenye umeme iko. Kwa diski ya SSD, clean all haifikie kila sehemu na inachokesha diski. Tafuteni programu ya kufuta ya wenye waliitengeneza, ao ile yenye iko mu BIOS ya mashine.

Ya ine ni kugawanya. Windows ikiwauliza, chagueni kutia kwa kupanga wenyewe, siyo mize-a-zhuri. Kama mashine inabakia kwenu na kopi iko salama, tosheni mipaka ya zamani ya ile diski, halafu mutengeneze chumba cha system na chumba cha karatasi. Kwa diski ya GB 500, GB 150 zinatosha system, zenye kubakia ni za karatasi. Windows inajitengenezea tena vyumba vidogo, musiviguse. Kwa Linux, karatasi zinakaa mu chumba chenye kinaitwa /home.

Faida yake ni hii: siku virusi inaangusha system, munafuta chumba kimoja tu, karatasi haziguswe. Lakini vyumba viwili viko mu nyumba moja. Mwizi akibeba ordinatere, anabeba vyote. Njo maana kopi ya inje haikose hata siku moja.

Karatasi ni haki

Kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines kwa départ volontaire, na mabishano juu ya dekonti yao yaliendelea miaka na miaka. Mu mabishano kama ile, mwenye karatasi njo mwenye kusikilizwa. Na mama mujane akienda ku CNSS kuomba pansio ya bwana yake, ataulizwa alama za kazi yenye bwana alifanya. Kama fishi zilikuwa mu ordinatere tu, na kijana wa siberi alifomate bila kuuliza, mama atalia mbele ya gishe.

Basi kila selile ya sindika ifungule kaye moja. Mbele ya ordinatere kutoka mu biro, kwa kufomate ao kwa kuuzwa, waandike tarehe, nani alikopia, nani alifungula kopi na kuhakikisha, nani alifuta. Watu wawili watie sinyatire. Mpaka sinyatire mbili ziwe pale, mashine isitoke.