Tusi lile lile, kadi tofauti

Sheria ya 12 ya soka ni moja duniani kote. Mchezaji akitukana, kadi nyekundu. Akibishia uamuzi, ya njano. Shida ni kwamba refa ndiye anayeamua lipi tusi na lipi ubishi.

Februari 2025 Jude Bellingham wa Real Madrid alitolewa dakika ya 39 ugenini kwa Osasuna kwa neno la Kiingereza. Yeye alisema hakumtukana mtu; refa akaandika kuwa ametukanwa. Akafungiwa mechi mbili. Wayne Rooney naye, mwaka 2011, alitukana mbele ya kamera baada ya kufunga, akamaliza mechi, kisha chama cha soka cha Uingereza kikamfungia mechi mbili. Huko juu, refa asiposikia, kamera imesikia.

Huku chini hakuna kamera. Mechi za ngazi ya chini Uingereza, tangu msimu wa 2019/20, anayembishia refa hukaa nje dakika 10 kisha hurudi. Mimi naupenda mtindo huo. Refa wetu wa mtaani yuko peke yake, mashabiki wamekanyaga chokaa. Akitoa nyekundu kwa kila tusi atabaki na makipa wawili. Basi hujifanya kiziwi, au humwita nahodha: "Mtulize mtu wako."

Kwa wakubwa naelewa. Mechi za watoto hapana. Hapo hata kocha anayewatukana aonyeshwe kadi, maana tangu 2019 sheria inaruhusu.