Kabla ya Kuinua Kamera Stesheni ya Eldoret

Vijana wanaokuja studioni kwangu kujifunza kamera hawakosi kuniuliza: picha za stesheni ya reli, ruhusa inaombwa kwa nani? Jibu langu ni kwamba waanze kwa stesheni masta, kitambulisho na barua mkononi, kamera ikiwa bado mkobani.

Ukiwa barabarani, jengo unaliona kama anavyoliona mpita njia yeyote. Ukishavuka lango, umeingia kwa Shirika la Reli la Kenya, lililoundwa mwaka 1978 baada ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki kuvunjika, na hapo mwenye boma ndiye mwenye neno. Sababu anazo. Njia hii ni ya mizigo zaidi siku hizi, na Eldoret kuna bohari kubwa ya mafuta yanayokuja kwa bomba kutoka pwani. Tena tangu shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, soja akimwona mgeni ana lenzi ndefu, lazima aulize. Simlaumu hata kidogo; hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya.

Barua yangu haizidi ukurasa mmoja. Inataja jina, nambari ya kitambulisho na simu, siku na saa, sehemu ninazotaka kufika, vifaa nilivyobeba, na picha zitatumika wapi. Hilo la mwisho ndilo linalosomwa kwa makini. Picha za kumbukumbu zako ni jambo jepesi. Za harusi, tangazo au kalenda ya kuuza ni biashara, na ombi la namna hiyo mimi hulipeleka makao makuu Nairobi mapema. Filamu ya kuonyeshwa hadharani ina leseni yake chini ya Sura ya 222 ya sheria zetu. Droni nayo iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa kanuni za mwaka 2020. Ruhusa ya stesheni masta haikupi anga.

Masta mmoja wa njia hii aliisoma barua hadi mwisho, akatoka nami nje. "Huku piga utakavyo, mama. Yale matangi yaache. Na reli usiikanyage, hata kama huoni gari likija." Kisha akaniongoza mpaka kwenye njia ya pembeni isiyotumika, akainama, akafuta vumbi na grisi kwa kitambaa. Ubavuni mwa reli palikuwa na jina la kiwanda na mwaka, herufi zimechomoza kwenye chuma. Jua la asubuhi lilikuwa linapiga kwa upande, kila herufi ina kivuli chake. Anayepiga kwa kuibia, akichungulia seng'enge, hawezi kuonyeshwa kitu kama hicho.

Na vitu vya kupiga vipo. Kabla reli haijafika Eldoret mwaka 1924, mizigo ya Uasin Gishu ilivutwa na maksai kutoka Londiani, wakizama matopeni msimu wa mvua. Reli ilipanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ikashuka kuja huku na kuendelea Uganda. Ujenzi wa reli ya kwanza, ile ya Mombasa hadi Kisumu, tunaujua kwa macho kwa sababu William D. Young alikuwapo na kamera yake. Mpiga picha Mohamed Amin, ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, naye alishiriki kutoa kitabu kizima cha picha za reli ya Afrika Mashariki mwaka 1986. Sisi wa Sisibo, yaani Eldoret, tumeacha nini? Mji ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, majengo ya zamani yanavunjwa kila kukicha, na picha nzuri za stesheni yetu bado ni chache mno.

Watu nao wana ruhusa yao. Mpagazi anayepakua magunia si sehemu ya jengo. Msalimie kwa Kikalenjin, "Chamgei", mwambie unataka nini, na akikataa shusha kamera. Faragha yake imelindwa na Ibara ya 31 ya Katiba.

Ombi langu kwa wenye reli ni kibao kimoja langoni, kwa Kiswahili: ofisi ya kuomba, ada kama ipo, sehemu zisizopigwa picha. Kijana wa mtaa wa Langas mwenye simu nzuri asome, aombe, aingie.